Chakula cha Uzazi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda dukani, Lilian alifungua friza, akatoa bakuli moja la plastiki, akaliweka kwenye beseni la maji juu ya meza ya jikoni.

"Mama, cha kwako hiki," alimwambia Bhoke, mama mkwe wake. "Mchana kitakuwa kimelainika. Utakipasha tu kwenye gesi."

Kisha alikaa kwenye kiti ili avae viatu, kwa kuwa tumbo lilikuwa limekua na kuinama kulimshinda. Akavuta geti, akashuka kwenda Bomani alikokuwa na duka la steshenari na fotokopi. Bhoke akabaki na lile bakuli.

Hakuwa na njaa katika nyumba ile. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye maneno yalipozuka, wapo waliodhani mama wa watu alinyimwa chakula. Hakunyimwa. Alikula nyama mara nyingi kuliko alivyowahi kula Muriba maisha yake yote. Alichokosa ni mtu wa kula naye.

Vincent, mwanawe, alimtoa Muriba baada ya mazishi ya baba yake. Alisema haiwezekani mama akae peke yake mlimani. Hakuna aliyeuliza huku Turwa, mjini Tarime, atakaa na nani. Vincent mwenyewe alikuwa fundi wa kampuni ya kuchimba visima, na msimu ule walikuwa kwenye vijiji vya Serengeti, mbele ya Mugumu. Alirudi nyumbani alipopewa ruhusa. Lilian alitoka jua likichomoza, akarudi linazama, miguu imevimba, akala kidogo, akalala. Nyumba za jirani zilikuwa na kuta na mageti. Ukibisha hodi, mbwa ndiye aliyeitikia.

Kule Muriba mlango wa jiko haukufungwa wakati wa kula. Anayepita huitwa, naye hata kama ameshiba humega tonge moja ili asimvunjie heshima mpishi. Kula peke yako ilikuwa tabia ya mchoyo, au ya mgonjwa. Hapa Bhoke alisonga ugali wake wa mtama na muhogo, akapasha cha kwenye bakuli, akaketi mbele ya ukuta mweupe, akala. Mara nyingi chakula kilimkinaisha kabla hajashiba. Alichobakiza hakuruhusiwa kukimwaga. Lilian alikuwa amemwambia kwa upole lakini kwa mkazo: kama hakijapashwa, kirudi kwenye friji upesi, kama kimeshapashwa, kiliwe usiku.

Jumapili, wakitoka kanisani, Lilian alipika kama mtu anayetegemea msiba au harusi. Sufuria la maharage, sufuria la njegere, nyama ya ng'ombe, supu ya mifupa iliyochemka mpaka ikaacha mafuta ya njano. Mchicha aliupitisha kwenye maji ya moto, akaukamua, akaufunga matonge. Vyote aliviacha vipoe mezani chini ya chandarua, akagawa kwenye mabakuli na mifuko, akailaza mifuko bapa ili ipangike vizuri, akabandika karatasi yenye tarehe. Jumapili za mwanzo Bhoke alikaa sebuleni amevaa kitenge kizuri, akisubiri wageni. Jumapili moja akauliza.

"Wageni wanakuja lini?"

"Wageni gani, mama?"

"Wa chakula hiki chote."

"Hakuna wageni. Hicho cha juu ni cha wiki. Hiki cha chini ni chakula cha uzazi."

"Cha uzazi wa nani?"

"Wangu." Lilian alikuwa akikata karatasi kwa meno. "Nikijifungua sitaweza kusimama jikoni. Kliniki wameniambia huenda nikapasuliwa."

Bhoke aliangalia ile mifuko, akaangalia mikono yake mwenyewe, iliyokuwa imelala juu ya meza bila kazi.

"Na mimi nipo wapi?"

"Upo, mama," alisema Lilian, akabandika karatasi.

Bhoke aliyatafuna yale maneno mpaka usingizi ukamchukua. Kwao, mkwe akijifungua, mama mkwe ndiye anayeshika jiko. Ndiye anayekoroga uji, ndiye anayechemsha supu, ndiye anayemkaripia mzazi asipomaliza kibakuli. Alitaka kuyasema hayo. Lakini mtu anayelala katika nyumba ya mwingine hupima maneno yake kabla ya kuyatoa, na akishayapima sana huwa hayatoki tena.

*

Nje ya geti, upande wa pili wa barabara ya vumbi, palikuwa na kiwanja kilichomwagwa mawe. Mwanamke mmoja alikaa pale kutwa chini ya mwavuli uliotoboka, akiponda kokoto kwa nyundo. Bhoke alimsikia kabla hajamwona. Mlio wa nyundo ndio uliomfikia jikoni mchana, na alianza kuusikiliza. Unapokatika, alijua kwamba yule mtu naye amepumzika.

Siku moja, mlio ulipokatika, alitoka. Hakuwa amepanga. Alilichukua lile bakuli kutoka kwenye beseni, maharage yake bado magumu kama jiwe maana Lilian alichelewa kulitoa asubuhi, akavuka barabara nalo.

"Shikamoo, mama," alisema yule mwanamke.

"Marahaba. Umekula?"

Mwanamke alionyesha chupa ya maji iliyokuwa pembeni yake. Bhoke akampa bakuli. Mwanamke akalifungua, akagonga maharage kwa kidole.

"Haya nayo nayaponda kwa nyundo?"

Bhoke alicheka. Alishtuka kujisikia akicheka. "Yana barafu. Yaweke juani, yatalainika."

Akaliweka juu ya jiwe pana lililokuwa na joto la jua, na wakakaa kusubiri. Barafu haiharakishwi. Wakati wakisubiri, Bhoke alijua kwamba mwanamke yule anaitwa Modesta, kwao Morotonga, huko Serengeti, kwamba watoto wake wako huko kwa mama yake, na kwamba mume aliondoka kwenda Kenya kupitia Sirari kutafuta kazi na namba yake ya simu ikaacha kuita. Naye alimweleza kuhusu Muriba, kuhusu migomba, kuhusu mzee wake aliyekuwa akikataa kula mpaka mkewe aketi. Maharage yalipolainika, Bhoke alirudi ndani akayachemsha vizuri, akasonga ugali, akarudi na sinia. Wakala kwa mkono mmoja mmoja kutoka sinia lile lile, vumbi la mawe likiwapukutikia. Alikula mpaka akashiba.

Kesho yake akaenda tena. Bakuli moja halikuwatosha watu wawili, na mmoja wao alikuwa anaponda mawe, kwa hiyo Bhoke alifungua friza mwenyewe akatoa jingine. Alitoa la juu. Siku zilizofuata ya juu yakawa yameisha kabla wiki haijaisha, akashusha mkono chini.

Aliyachukua mambo kwa wepesi. Friza imejaa, alijiambia. Chakula kilicholala ni kiporo, na kiporo mtu hampi mzazi. Kwetu kikizidi kinaenda kwa jirani. Hayo alijiambia, na yalikuwa ya kweli kwa kiasi chake. Palikuwa na jambo jingine ambalo hakujiambia. Kila mfuko uliotoka chini ya friza, moyo wake ulipata nafuu ndogo. Vikipungua hivi, alihisi bila kuyatamka, itabidi waniite.

*

Vincent alirudi Jumamosi, amechoka, buti zake zimeganda udongo wa visima. Lilian alitaka kumpa supu. Akafungua friza, akainama kwa shida, akapekua. Bhoke alikuwa akichambua mchele mezani. Alisikia mifuko ikisogezwa, kisha akasikia haisogezwi tena.

"Mama," alisema Lilian, "chakula kimeenda wapi?"

"Kipi?"

"Cha chini. Njegere hakuna. Nyama hakuna. Supu imebaki kidogo tu."

"Watu wamekula."

"Watu gani?"

"Kuna mwanamke anaponda kokoto hapo nje. Hana mtu hapa. Nimekuwa nikila naye."

Lilian alifunga friza taratibu, akaiegemea. "Umempa mponda kokoto chakula changu cha uzazi."

"Kilikuwa kingi, mwanangu. Kimelala humo siku nyingi. Kwetu kikizidi kinaenda kwa jirani."

"Kwetu pia." Sauti ya Lilian haikupanda, na hilo ndilo lililomtia Bhoke hofu. "Kwetu kikizidi kilikwenda kwa jirani na kwa mbwa. Sherehe ikifika baba anachinja, watu wanakula mpaka wanatapika, wali unamwagwa nyuma ya nyumba. Wiki inayofuata sisi watoto tunalala na chai ya rangi. Hakuna jirani aliyebisha hodi na sahani. Nikasema nikipata kwangu, chakula hakitamwagwa. Na hiki hakikuwa kimezidi, mama. Kilikuwa na kazi yake."

"Kazi hiyo ni yangu. Mkwe akijifungua, mimi ndiye ninayepika."

"Mara ya kwanza hukuja."

Vincent alikuwa amesimama mlangoni, taulo begani. "Lilian, acha hayo."

"Nayaachaje? Nilitoka hospitali mikono mitupu. Wewe ulikaa siku ya kuzika, ukarudi kazini. Nililala chumba kile pale, mshono unauma, nakula mkate mkavu na maji kwa sababu siwezi kunyanyua sufuria. Maziwa yanatoka na hakuna wa kuyanyonya. Nilipopata hela ya kwanza nilinunua friza hii, Vincent, hata kitanda cha mtoto hatuna. Leo mama ananiuliza yeye yupo wapi."

Mchele ulibaki mikononi mwa Bhoke. Alikuwa na jibu. Aliinua macho amwangalie mwanawe, na mwanawe akaangalia sakafu, akaliangalia tope la buti zake kama ndiyo mara ya kwanza kuliona. Mama akaelewa anachoombwa. Akalimeza jibu lake, akaendelea kuchambua mchele.

Jioni ile aliwasikia wakizungumza chumbani, sauti ya mke ikiwa juu kidogo, ya mume ikiwa chini. Kisha Vincent akasema, wazi kabisa, maana ukuta ule ulikuwa mwembamba: "Friza ina ufunguo wake. Funga tu, kusiwe na maneno."

Alikusudia amani. Vincent alikuwa mtu wa kukusudia amani siku zote, na ndiyo sababu mambo mengi yalikuwa hayajasemwa katika nyumba yake. Jumapili alasiri alipanda gari kurudi Serengeti. Jumatatu asubuhi Lilian alitoa bakuli moja, akaliweka kwenye beseni, akazungusha ufunguo na kuutia kwenye pochi.

"Cha kwako hiki, mama," alisema. Hakumtazama.

*

Bhoke hakuvuka barabara siku hiyo, wala iliyofuata. Angekwenda na nini? Alisikiliza nyundo kutoka jikoni. Aliupasha mchuzi wake akaula wote kwa kulazimisha, ili asije akasingiziwa kwamba ameubeba. Kwao anayefungiwa chungu ni mwizi au mchawi, na yeye, aliyezaa na kulea na kuzika mume, alikuwa amefungiwa chungu na mwanawe wa tumboni. Akatoa begi lake chini ya kitanda. Akakunja vitenge. Akafikiria nauli ya Muriba, akakumbuka kwamba hata hiyo lazima amwombe Lilian, akavikunjua tena.

Mchana mmoja geti likagongwa. Alikuwa Modesta, ameshika mfuko wa rambo.

"Shikamoo. Nilijua unaumwa."

"Marahaba. Siumwi."

"Basi kula." Ndani ya mfuko mlikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, bado vya moto.

Hawakuingia ndani. Walikaa kwenye kizingiti cha geti, mmoja mguu nje, mwingine mguu ndani, wakimenya viazi. Bhoke alichelewa kusema, lakini alisema.

"Friza imefungwa."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yangu. Kilikuwa chakula cha uzazi wake. Anakaribia."

Modesta aliacha kumenya. Alikuwa na uso mwembamba, nyusi zimeingia weupe wa mawe, na kwa mara ya kwanza Bhoke aliona umemkasirikia.

"Ungeniambia, mama. Mimi nimezaa. Najua mtu anavyokuwa baada ya pale. Nisingekigusa."

"Nilidhani kimezidi."

"Ulidhani?"

Bhoke alikitazama kiazi mkononi mwake. Gari lilipita, likaacha vumbi, nao wakasubiri litue.

"Hapana," alisema. "Nilijua ni cha nini."

Modesta alimaliza kiazi chake, akajifuta mikono, akavuka barabara kurudi kwenye mawe. Mfuko aliuacha.

*

Uchungu ulianza mapema kuliko ilivyotarajiwa. Lilian alirudi kutoka dukani mchana, amekaa upande nyuma ya bodaboda, akaingia akishika ukuta. Alimwambia Bhoke kwamba ni mgongo tu. Alikaa kwenye kochi, akasimama, akakaa tena. Alipiga simu ya Vincent, na ile sauti ya kampuni ya simu ikamwambia mteja hapatikani. Huko kwenye visima mtandao ulikuwa wa bahati. Alipopiga tena, maji yakamwagika sakafuni.

"Mama," alisema, na safari hii aliita kwa kweli.

Bhoke alitoka mpaka getini na kuita jina la Modesta. Hakuwa na jina jingine la kuita katika mtaa mzima. Modesta aliitupa nyundo, akasimamisha bajaji iliyokuwa ikipita na abiria, akamwomba abiria ashuke. Kisha akaingia ndani akijifuta mikono kwenye khanga, bila kufanikiwa sana.

Lilian alimtazama tangu miguuni mpaka kichwani. "Ni huyu?"

"Ni mimi," alisema Modesta. "Njegere zako nilizila. Nishike shingo, twende."

Lilian alijaribu kupiga hatua mwenyewe. Uchungu ukamkunja, akaishika ile shingo yenye vumbi, na gauni lake jeusi la dukani likabaki na alama nyeupe ya mkono mgongoni mpaka walipofika hospitali. Walipofika, Modesta alirudi na bajaji ile ile. Alisema kuna gari linakuja kupakia kokoto.

Lilian alipasuliwa jioni ile. Mtoto wa kike alilia. Bhoke, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la korido na pochi ya mkwewe mapajani, alikisikia kile kilio na hakuamini kuwa ni cha kwao mpaka nesi alipoita jina.

*

Ufunguo ulikuwa ndani ya pochi. Alijua. Alipoambiwa arudi nyumbani akalete chakula cha mzazi asubuhi, aliibeba ile pochi kwa sababu Lilian alikuwa bado na dawa ya usingizi, na njia nzima ilikuwa kwapani mwake. Nyumbani aliiweka mezani, akaifunika na kitambaa. Hakuifungua. Mtu aliyekunyima kitu hukifuati akiwa amelala.

Alikuwa na unga wa ulezi aliokuja nao kutoka Muriba, kwenye kimfuko chumbani kwake. Tangu aje hakuna aliyemwuliza ameleta nini. Aliuonja kwa ncha ya ulimi kama umeota ukungu. Ulikuwa mzima. Alfajiri aliwasha jiko la mkaa uani, kwa kuwa gesi hakuizoea kwa kazi ya maana, akakoroga uji mwepesi, akautia kwenye chupa ya chai, akaenda.

Wodini kila kitanda kilikuwa na watu wake. Mashangazi, mawifi, mabibi, mahotipoti, mabeseni ya nguo. Mzazi mmoja alikuwa akigombezwa na mama yake kwa kulala vibaya. Kitanda cha Lilian kilikuwa na Lilian na mtoto tu. Alikuwa amegeukia ukutani. Bhoke alipofika alimwona akipangusa macho upesi.

"Manesi wamesema unywe kitu chepesi kwanza," alisema Bhoke. Akamwinua kidogo, akamshikia kikombe. Lilian alikunywa, akapumzika, akakunywa tena.

"Huu si wa dukani."

"Ni ulezi wa Muriba."

"Hukufungua friza?"

"Ulikuwa umelala."

Lilian aliangalia pochi yake iliyowekwa pembeni ya mto, zipu imefungwa kama alivyoifunga. Mtoto aliguna, Bhoke akamweka sawa.

"Mama, mara ya kwanza kwa nini hukuja?"

Vincent alikuwa bado njiani. Alikuwa amepata ujumbe na alisema atafika mchana. Bhoke alifikiri juu ya macho yake yaliyoangalia buti. Akaona amebeba kimya cha mwanawe kwa muda wa kutosha.

"Sikuambiwa," alisema. "Vincent hakutaka kunitia uchungu, baba yake alikuwa anaumwa. Nilisikia gulioni, kwa watu. Mtoto alikuwa ameshazikwa, wewe umesharudi nyumbani."

"Uliposikia je?"

"Nilikuja. Nilifika mpaka stendi hapa Tarime. Nilikuwa na mkungu wa ndizi, sikuwa na kitu kingine nyumbani. Nikakaa nao pale stendi. Nikajiuliza, mtu aliyezaa mtoto ambaye hakulia, unamwendea na ndizi? Utamwambia nini unapomkabidhi? Nikaona haya. Nikapanda gari nikarudi."

Kitanda cha jirani walikuwa wakicheka jambo fulani. Lilian alimwangalia mama mkwe wake kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ndizi ulizifanyaje?"

"Niliziacha kwa mama mmoja muuza maji. Sikuweza kuzirudisha nyumbani."

"Ningezila," alisema Lilian. Akashika mshono kwa mkono kwa sababu kulia kulimuuma. "Ningezila zile ndizi, mama. Hata mbichi."

Bhoke alimpangusa uso kwa pindo la kitenge chake, akamiminia uji uliobaki, akamwambia amalize.

Kabla kengele ya wageni haijalia, Lilian alifungua pochi, akatoa ufunguo. "Ile supu iliyobaki chini kabisa. Unipashie kesho."

"Nitakupashia. Lakini kwanza utakunywa uji."

*

Modesta alikuja mara moja kumwona mtoto. Hakukaa. Lilian alimpa njegere kwenye bakuli na kumwambia bakuli asirudishe, naye akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Lakini kati yake na Bhoke kulikuwa kumebaki kitu kidogo kisichosemwa, na kabla hawajapata siku ya kukisema, mawe yaliisha pale kiwanjani. Gari lilipakia kokoto ya mwisho. Asubuhi moja Bhoke alisikiliza, hapakuwa na nyundo. Mafundi waliokuja kujenga ukuta walimwambia yule mama amesharudi kwao Serengeti, au labda amehamia kwenye mawe mengine. Hawakuwa na uhakika.

Lilian alirudi dukani mshono ulipopona, maana binti aliyemwachia duka alikuwa akiharibu karatasi. Friza ilibaki bila kufungwa. Ilikuwa na vitu vipya: vifuko vidogo vya maziwa ya mama, vimeandikwa tarehe, vimepangwa peke yavyo upande wa kulia. Bhoke, ambaye zamani alidai kilicholala ni kiporo, alijifunza kukiweka kifuko kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na kusubiri, mtoto akipiga kelele begani, akimbembeleza kwa nyimbo za Kikurya ambazo hakuna mwingine mle ndani aliyezijua. Alipopika maharage mengi, aligawa mwenyewe kwenye mabakuli. Karatasi za tarehe hakuzibandika, kwa kuwa hakujua kuandika. Aliyapanga mapya chini, ya zamani juu.

Mtoto aliposhiba alilala, na alipolala nyumba ilirudi kuwa kama ilivyokuwa. Bhoke aliketi na sahani yake mbele ya ukuta mweupe. Ndipo siku moja simu ikaita.

"Mama, mmekula?"

"Mwenzangu amekula, amelala. Mimi ndiyo naanza."

"Na mimi naanza." Nyuma ya sauti ya Lilian mashine ya fotokopi ilikuwa ikinguruma. "Nimekaa huku nyuma ya kaunta, wateja wakiniona kutoka mlangoni naona aibu kutafuna. Unakula nini?"

"Ugali na yale maharage."

"Mimi nimebeba hayo hayo."

Bhoke alisubiri aambiwe haya basi, mama, jioni. Hakuambiwa. Alisikia kifuniko cha bakuli kikifunguliwa huko Bomani, kisha maji yakimwagwa mkononi.

Akaiweka simu mezani karibu na sahani, akanawa, akamega tonge.

"Karibu," alisema.

"Asante, mama," ilijibu simu. "Nawe karibu."